Makofi kwa Anayetamka

Msichana wa darasa la nne alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma. Alisoma vizuri. Hakukwama kwenye "ng'ombe", hakukwama kwenye "walipomkaribia", na kwenye nukta alishusha sauti kama mtangazaji wa redio. Mwalimu wa somo akasema apigiwe makofi, na wenzake themanini na kitu wakampigia yale makofi ya mpigo mmoja ambayo kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anayajua.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, mwenye shahada na asiye na ajira, nikisubiri kipindi changu. Nikaomba kumuuliza swali moja.

"Nani alifukuzwa?"

Hadithi ilikuwa fupi. Fisi alivamia zizi usiku, akafukuzwa na wachungaji kabla hajamfikia ndama. Msichana alinitazama, akatazama kitabu, kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alianza kusoma upya, tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Alidhani sikumsikia.

Hii ilikuwa Masieda, kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Ni kwetu. Nyumbani tunazungumza Kiiraqw. Majirani zetu Wadatoga wanazungumza Kidatoga. Kiswahili tunakutana nacho mnadani, redioni na shuleni. Na kabla hujasema kwamba kila mtoto wa Tanzania ana kilugha chake na wengine wamefaulu, nisikilize kidogo. Mtoto wa Kisukuma, Kihaya au Kigogo anapoingia darasa la kwanza anakuta Kiswahili kina mifupa anayoijua. Kuna mtu na watu, kuna vitu vya kundi hili na vya kundi lile, na vitenzi vinafuata. Lugha hizo zote ni za Kibantu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Kidatoga ni cha Kiniloti. Maji kwetu ni ma'ay, ng'ombe ni slee, na ukihesabu moja, mbili, tatu unasema wak, tsar, tam. Mtoto wetu anapofungua kitabu cha Kiswahili hakuti hata mfupa mmoja wa kushika.

Anachokuta ni herufi, na herufi za Kiswahili zina ukarimu wa hatari. Zinatamkwa jinsi zilivyoandikwa. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kukusomea katiba ya nchi. Mtoto wa Kiingereza akikwama kwenye kutamka, mwalimu anamwona amekwama. Wa kwetu hakwami. Anateleza juu ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anafika ng'ambo amekauka kabisa, hajagusa maji. Sisi tunampigia makofi.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo ambalo lingetosha kubandikwa kwenye kila ofisi ya walimu. Walisema kusoma kwa ufahamu ni kuzidisha kwa vitu viwili: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Mtoto anayetambua maneno yote lakini haielewi lugha anapata sifuri. Sasa angalia tunachofanya na yule mtoto mwenye sifuri upande mmoja: tunamwongezea mazoezi upande ule mwingine. Asome tena. Asome haraka zaidi. Asome mbele ya darasa.

Taifa zima liliingia mtego huo kwa nia njema. Utafiti wa kwanza wa Uwezo nchini, wa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tulistuka, na tulipaswa kustuka. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ile tunayoiita KKK. Vipimo vikaanza kuhesabu maneno ambayo mtoto anayasoma kwa dakika moja. Maswali ya ufahamu yapo pia kwenye vipimo hivyo, lakini darasani kwetu kilichofika ni mbio. Mbio zinahesabika kwa saa ya simu. Kuelewa hakuhesabiki hivyo.

Watu wa pwani hawana kosa hili, na nawaonea wivu. Mtoto wa chuoni anayehitimisha juzuu anasifiwa kwa haki, kwa sababu kusoma kwa makhraji sahihi ni elimu. Lakini hakuna mwalimu wa madrasa anayedhani mtoto yule tayari ameelewa Kiarabu. Kuelewa kuna mahali pake na jina lake: ni tafsiri, ni darsa, na vinafanyika kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaifikiria. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na hakuna aliyesema anawadhoofisha watoto katika Kiarabu. Wale wanajua kutofautisha kutamka na kuelewa. Shule zetu zimeviita vyote viwili "kusoma", kisha zinashangaa.

Utaniambia watoto wa Masieda wanaongea Kiswahili, umewasikia. Ni kweli umewasikia. Umewasikia mnadani wakisema bei gani, punguza, yule mbuzi ana mimba, pikipiki inaondoka saa ngapi. Hicho ni Kiswahili cha kuonyeshana vidole. Kitu unachokisema kipo mbele yako. Kitabu hakina kidole. Kitabu kina "endapo", "isipokuwa", "ijapokuwa", "kinyume na hayo", kina "aliyempa" na "aliyepewa". Hicho ni Kiswahili kingine, na hakuna anayemfundisha mtoto kwa sababu kila mtu anaamini anacho.

Baba yangu mdogo alimaliza darasa la saba. Miaka michache iliyopita alichukua pikipiki kwa mkopo kutoka kwa mtu mmoja. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiswahili. Aliusoma wote kwa sauti mbele ya mashahidi, akatia sahihi. Ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba endapo malipo yatacheleweshwa kwa siku 14 chombo kitachukuliwa, na kiasi kilichokwisha kulipwa hakitarejeshwa. Sasa, kwa baba mdogo, rejesho ni ile pesa unayompelekea mkopeshaji kila wiki. Ndivyo wanavyosema kwenye vikundi vya kukopeshana. Kwa hiyo aliposoma "hakitarejeshwa" alifurahi. Alielewa kwamba alichokwisha kulipa hatatakiwa kukilipa tena. Aliona mkopeshaji ni mtu mwema.

Alikuwa amebakiza malipo machache. Akauguza, akachelewa, pikipiki ikachukuliwa. Alipokwenda kudai pesa zake alionyeshwa sentensi ile ile.

"Mwanangu," aliniambia, "nilisoma yote."

Alisoma yote. Hilo ndilo linaloniuma. Ukimweka kwenye takwimu, baba mdogo ni mtu anayejua kusoma na kuandika. Alipigiwa makofi kama yule msichana.

Sitajitoa kwenye lawama. Wiki yangu ya kwanza nilipewa daftari la kuandika majina ya wanaoongea "kienyeji", na nikaandika. Nilimwandika mtoto wa darasa la pili aliyeomba ruhusa ya kwenda kunywa, akasema ma'ay. Nilimwelewa. Ni neno la kwanza nililowahi kulisema mimi mwenyewe nikiwa na kiu. Bado nikaandika jina lake, kwa sababu ndivyo nilivyoandikwa nilipokuwa na umri wake, na kwa sababu shahada yangu ilinifanya niamini kwamba ukali huo ulinisaidia. Haukunisaidia. Kilichonisaidia ni kaka aliyenisimulia kila hadithi ya kitabu kwa Kiiraqw jioni tukikusanya ndama, kabla sijaikuta darasani. Nilikuwa naingia darasani nikiijua habari, na kazi yangu ikabaki kujifunza maneno yake kwa Kiswahili. Nilidhani nina akili. Nilikuwa na kaka.

Baada ya siku ya fisi nilijaribu kitu kimoja. Sikuwa na fedha, sikuwa na vitabu vya ziada, na darasa lilibaki la watoto themanini na kitu. Nilichukua hadithi ile ile. Nikamwomba mtoto mmoja asome aya ya kwanza. Kisha nikasema kwa Kiiraqw: funga kitabu, mwambie mwenzako kimetokea nini, kwa lugha yoyote unayotaka.

Darasa lilinyamaza. Walitazama daftari la majina mezani. Nikaliweka kwenye droo.

Halafu likaja zogo ambalo sijawahi kulisikia kwenye kipindi cha Kiswahili. Yule msichana aliyesoma vizuri alimwambia mwenzake kwa Kiiraqw kwamba fisi amewafukuza wachungaji. Mvulana wa dawati la nyuma akaruka. Akasema haiwezekani, yeye analala karibu na zizi, fisi mmoja hawezi kufukuza watu wenye mikuki na moto. Mwingine akasema akiwa na njaa anaweza. Mwingine akasema kitabu kimesema, na kitabu hakidanganyi. Wakaanza kufungua vitabu bila kuambiwa, wakitafuta ushahidi. Ilinichukua dakika nzima kutambua nilichokuwa nakitazama: watoto walikuwa wanasoma. Walirudi kwenye sentensi kwa sababu walitaka kujua jambo.

Hapo nikaandika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine: alifukuza, alifukuzwa. Nikazungushia duara ile w. Nikawauliza kwa Kiiraqw nani anakimbia katika la kwanza, nani anakimbia katika la pili. Msichana alitazama ubao, akatazama kitabu, akacheka na kuziba mdomo. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, bila kuulizwa: "Mwalimu, fisi alifukuzwa."

Miaka minne alikuwa amekutana na herufi ile akiitamka kwa usahihi. Hakuna aliyejua kwamba hakuielewa, kwa sababu alipokuwa akiulizwa kwa Kiswahili alikuwa akifanya alichofundishwa na mitihani: anatafuta neno la swali ndani ya kifungu, ananakili sentensi nzima lilipo. Mara nyingi anapata vema. Sisi tunaosahihisha tunajua mchezo huo, tunaunyamazia.

Mbinu yangu wala si uvumbuzi. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafundisha wanafunzi waliokuwa wakitamka vizuri bila kuelewa. Waliwafundisha kufanya mambo manne kila baada ya aya: kusema kwa ufupi kilichotokea, kuuliza swali, kutatua neno au jambo lililowatatiza, na kubashiri kinachofuata. Walibadilishana, mwanafunzi akichukua nafasi ya mwalimu. Ufahamu wao uliongezeka. Hayo manne yote ni mazungumzo. Na mazungumzo yanataka lugha ambayo mtoto anaweza kubishana nayo. Ukimwamuru mtoto wa Masieda abishane kwa Kiswahili cha vitabu akiwa darasa la pili, umemwamuru anyamaze.

Sasa nijibu wanaonikasirikia.

Wa kwanza anasema walimu wengi wa Masieda wametoka Kagera, Mtwara, Mara, hawajui Kiiraqw. Ni kweli, na si kosa lao. Lakini darasani kwangu kulikuwa na watoto wanne wa Kidatoga. Niliwaweka pamoja, nikawaambia wajadili kwa lugha yao. Mimi Kidatoga sikijui. Sikuelewa neno hata moja. Niliwaona wakionyeshana mstari, wakibishana, mmoja akikubali kwa shingo upande. Kisha wakaniletea jibu kwa Kiswahili, na lilikuwa sahihi. Mwalimu hahitaji kuijua lugha ya mtoto ili airuhusu. Anahitaji kuacha kuiogopa.

Wa pili anasema mtihani ni wa Kiswahili. Ndiyo, na ndiyo maana nasema haya. Sitaki vitabu vya Kiiraqw vya sayansi, wala sidai kwamba lugha zaidi ya 120 za nchi hii ziwe za kufundishia. Kenya ina sera ya kutumia lugha ya eneo madarasa ya chini, Uganda ilianza mtaala wake wa lugha za nyumbani mwaka 2007, na sisemi majirani zetu wameingia peponi. Walikosa vitabu, walikosa walimu, wazazi wengine walikataa. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho: dakika kumi baada ya kila kifungu, mtoto aseme alichoelewa kwa lugha anayoelewa. Halafu Kiswahili kirudi, kikute mahali pa kukaa.

Wa tatu ndiye mzito. Anasema Kiswahili kimetuunganisha, na wewe mtoto wa Mbulu unataka kuturudisha kwenye makabila. Ndugu yangu, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. Nakipenda kiasi cha kutaka baba yangu mdogo akielewe kabla hajatia sahihi. Umoja ambao mmoja anausoma na mwingine anautamka tu ni umoja wa aina gani? Tunapoenda kanisani kwetu tunasoma Agano Jipya kwa Kiiraqw, tunatoka nje tunaimba wimbo wa taifa kwa Kiswahili, na nchi haijapasuka. Mzee anaposimama kwenye kikao kutoa slufay, ile sala ya Wairaqw ya maneno mazito, wanaosikiliza wanaitikia pamoja, kipande kwa kipande. Ukikosea kuitikia, mzee anajua hukufuata. Wazee wetu walikuwa na kipimo cha ufahamu kabla ya vipimo vyote. Sisi tulikiacha mlangoni mwa shule.

Na sasa nakugeukia wewe, msomaji mwenzangu, uliyemaliza chuo.

Wewe unaijua hali ya yule msichana. Uliijua kidato cha kwanza. Ulitoka darasa la saba ukiwa na maswali, ukaingia chumba ambacho mwalimu anasema mambo ya usanisinuru kwa Kiingereza, ukanakili, ukakariri, ukajibu. Ulijua kutamka neno la Kiingereza la usanisinuru miaka mingi kabla ya kujua kwamba ni jani linajipikia chakula. Leo unaandika kwa hasira kuhusu jambo hilo, na una haki. Unakumbusha kwamba tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia hadi juu na ikapuuzwa. Unamtaja Profesa Martha Qorro na watafiti wenzake walioonyesha kwa miaka mingi kwamba mtoto hawezi kujifunza kwa lugha asiyoielewa. Unasema, kwa sauti, kwamba kumfundisha mtu kwa lugha asiyoifikiria ni kumnyima elimu.

Sawa. Ishushe hoja yako hiyo hiyo madarasa saba chini, uilete Masieda. Bado ni kweli? Kama ni kweli kidato cha kwanza, kwa nini ni ukabila darasa la kwanza? Mtoto wa Dar es Salaam anakutana na ukuta akiwa na miaka 14, nasi tunamwandikia makala. Wa kwetu anakutana nao akiwa na miaka 6, nasi tunamwita mzito. Akifika kidato cha kwanza anakutana na ukuta wa pili, akiwa bado hajauvuka wa kwanza. Halafu tunasema matokeo ya vijijini ni mabaya kwa sababu wazazi hawana mwamko.

Na ile lafudhi. Unajua ninachosema. Mtu wa kwetu akisimama kusoma chuoni na koo lake likatoa ule mkwaruzo wa lugha yetu, mnacheka. Wengine hata jina la Kiiraqw hamjawahi kujaribu kulitamka, mnasema "Kimbulu" yaishe. Nami nilicheka pamoja nanyi, mwaka wa kwanza mzima, nikimcheka mwenzangu wa Haydom. Hicho kicheko kinaanzia kwenye daftari lile la majina. Daftari linafundisha kwamba lugha ya mama ni kosa, chuo kinamalizia kwa kufundisha kwamba ni kichekesho.

Najua pia kwamba njaa ipo. Watoto wetu wengine wanatembea mbali asubuhi bila uji, msimu wa kilimo madawati yanabaki matupu, na darasa la watoto themanini halitapungua kwa sababu nimeandika makala. Hayo yanahitaji bajeti, na bajeti zidaiwe. Lakini ruhusa haihitaji bajeti. Kuweka daftari kwenye droo hakuhitaji waraka. Kuuliza "kimetokea nini?" badala ya "nani asome tena?" hakuhitaji semina yenye posho.

Sikudumu pale. Mwalimu wa kujitolea hadumu. Nauli inaisha, nyumbani wanauliza shahada inaleta nini. Siku ya mwisho yule msichana alikuja na kitabu, akanionyesha ukurasa ambao hatukuwa tumeufikia.

"Mwalimu, hapa pameandikwa 'ijapokuwa'. Ni nini?"

Nilimweleza kwa Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili. Akarudia sentensi yote polepole, akikwama katikati, akirudi nyuma, akifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisoma vibaya. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuyahitaji.